Sura ya Saba: Mtu Aliyehesabu Ndiyo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi Inspekta Gyrith Vestermark alikuwa ameshauzunguka ukumbi wa chama cha maseremala mara nne, na mara zote nne miguu ilimrudisha pale pale, nyuma ya kiti cha karani.

"Kaa kama ulivyokaa Ijumaa," alisema.

Solvejg Damkjær akakaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nywele fupi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa Kamati ya Ulaya ya Bunge. Koti hakuvua. Tangu juzi amekuwa mtu wa kukaa na koti, kama abiria stesheni. Saa nane mchana alitakiwa mbele ya wakubwa watatu, na katika korido za Bunge hakuna asiyejua watakachomwambia: rudisha kadi, toka.

Upepo wa Novemba ulikuwa unatikisa madirisha kama mtu anayedai kufunguliwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kila Ijumaa mawaziri huja mbele ya kamati hiyo kuomba idhini kabla ya kwenda Brussels kubishania sheria za Ulaya. Ukumbi wao wa kawaida ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo kwa majuma matatu kamati ilikuwa imeazima huu wa maseremala, ghorofa moja juu ya mkahawa. Ijumaa iliyopita habari ilikuwa ya sheria ya moshi: Brussels inataka kila tanuri la wazi la kukaushia samaki lifungwe, watu waweke mashine. Milango ikafungwa. Waziri akasema kwa mdomo, maana maneno ya namna hiyo hayaletwi kwa maandishi: tutadai miaka kumi ya kujiandaa, tukibanwa sana tutashuka mpaka minne, chini ya hapo hapana. Jumanne, kule Brussels, upande wa pili haukujisumbua hata kuitaja kumi. Ulianzia minne, ukateremka. Jioni mjumbe wa nchi rafiki akampenyezea waziri karatasi iliyokuwa ikizunguka mikononi mwa watu. Yote yaliyosemwa nyuma ya mlango uliofungwa yalikuwa humo.

Na nyuma ya mlango huo mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuandika.

"Simu?" Gyrith aliuliza.

"Kwenye sanduku, mlangoni. Zote. Hata ya waziri."

"Mlango?"

"Umefungwa. Askari wa Bunge kasimama nje."

"Daftari lako?"

"Lilitoka humu mkononi mwangu, likaingia kwenye kasha la chuma saa sita na robo. Haya nimeyasema kwa mwenyekiti, nimeyasema kwa mwanasheria, nimeyasema kwako jana. Sasa unataka niyaimbe?"

"Ikibidi. Ijumaa hiyo hiyo, saa moja jioni, ulimpigia mtu Brussels. Dakika kumi na nne."

Solvejg akatazama mikono yake. "Nilikwambia hayo hayahusiani."

"Saa nane yatahusiana. Ndiyo fimbo pekee waliyonayo, na watakupiga nayo."

"Ni mtalaka wangu," Solvejg alisema. "Yuko kule, mkalimani. Tuna mbwa. Mbwa ni mzee, miguu ya nyuma imekufa, daktari anataka kumpumzisha. Mbwa ni wa wote wawili, siwezi kuamua peke yangu. Tulilia dakika kumi na nne, watu wazima na akili zetu. Umefurahi?"

"Daktari wa mbwa nimeshaongea naye asubuhi," Gyrith alisema. "Nilitaka tu nione kama utaniambia mwenyewe."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Mwenyekiti alikuwa ameagiza mtuhumiwa asionyeshwe. Gyrith aliiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Isome. Polepole."

Solvejg akavaa miwani. Alisoma kama wasomavyo watu wa kazi yake, kalamu ikifuata mstari bila kugusa. Katikati ya ukurasa kalamu ikasimama. Ikarudi nyuma, ikasimama tena.

"Nani kahesabu ndiyo?"

"Sema."

"Hapa. 'Waliounga mkono, viti sitini na kimoja. Waliopinga, viti arobaini na saba.' Gyrith, katika kamati hii hakuna mtu anayehesabu ndiyo. Waziri akimaliza, vyama vinasema. Msemaji mmoja amebeba viti vyote vya chama chake. Mwenyekiti anajumlisha hapana. Hapana peke yake! Zikifika viti tisini, waziri amekwama. Zisipofika, mwenyekiti anasema hakuna wingi unaopinga, na waziri anachukua koti lake. Ndiyo ni za nini? Tuzipike?"

"Malizia. Mstari wa mwisho."

"'Kwa viti sitini na kimoja kati ya mia moja sabini na tisa, idhini ya waziri ni dhaifu, akibanwa ataanguka.'" Solvejg akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekaa siku mbili bila kucheka. "Dhaifu! Hapana arobaini na saba tu, hiyo ni idhini ya chuma. Aliyeandika hivi hajawahi kufanya kazi na sisi hata siku moja."

"Au anajua vizuri sana, akakosea makusudi ili tuseme hivyo."

Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo hata ujinga wa mwingine ni kosa langu."

"Ndivyo watakavyosema. Mimi natafuta kitu wasichoweza kukigeuza hivyo." Gyrith aliinama, akaweka kidole chini ya ukurasa. "Na hiki? 'Chama cha Visiwa hakikuhudhuria.'"

"Uongo. Asger Lundtofte alikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho. Kiti kile cha dirishani. Karatasi ya mahudhurio ina sahihi yake."

Gyrith akaitoa karatasi ya mahudhurio. Sahihi ilikuwepo, kubwa, imekaa mlalo kama boti iliyopanda mchanga. Akaitazama kwa muda. Kisha akaokota kofia yake ya baiskeli.

"Usitoke hapa," alisema.

"Niende wapi?" Solvejg alijibu. "Wakinikuta ofisini kwangu watu wanageuza njia."

*

Njiani upepo ulimsukuma Gyrith ubavuni kiasi kwamba mara mbili alishuka akakokota baiskeli. Wazo lilikuwa linamwasha. Mtu anayetoa siri na kutaka kujificha, hujificha wapi? Huandika kwamba hakuwepo. Na Asger Lundtofte ni mtu wa Bornholm, kisiwa cha matanuri ya moshi. Anajua thamani ya miaka minne kuliko mtu yeyote pale mezani.

Alimkuta mgahawani, Bungeni, mbele ya sahani ya mkate mweusi, samaki na vitunguu. Mtu mnene, mashavu mekundu, sauti ya kuitia watu ng'ambo.

"Polisi! Kaa, kaa. Umekula?"

"Bado. Asger, Ijumaa ulikuwepo kamatini?"

"Nilikuwepo kwa kilo zote mia moja na kumi."

"Karatasi ya Brussels inasema hukuwepo."

Asger akashusha uma. "Inasema hivyo?"

"Kuna mtu angefurahi iseme hivyo. Mtu aliyeiandika, kwa mfano."

Ilimchukua nukta mbili kuelewa, na alipoelewa uso wote ukawa wa rangi ya mashavu. "Sikiliza, mama. Kaka zangu watatu wana matanuri kule. Watatu! Babu aliyajenga. Miaka minne ndiyo ilikuwa sakafu yetu, na sasa mtu kaing'oa. Niwauze kaka zangu, halafu Krismasi nikale kwa nani?"

"Basi niambie ulisema nini waziri alipomaliza."

"Sikusema kitu."

"Sakafu ya kaka zako inazungumzwa, wewe unanyamaza?"

"Kwa sababu nilikubali! Hapa anayekubali anasema nini? Anayepinga ndiye mwenye kazi ya kusema. Isitoshe mdomo ulikuwa na kitu."

"Kitu gani?"

"Mkate wa mdalasini. Yule mama wa maseremala anaoka kama malaika. Mwenyekiti akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaendelea kwa mwingine. Muulize."

"Saa nzima hukufungua mdomo?"

"Nilifungua, nikatia mkate."

Gyrith akanyanyuka kabla kicheko hakijamtoka. Pale pale akampigia mwenyekiti, Ejnar Thorlund, na Ejnar akajibu bila subira: ndiyo, Asger aliitikia kwa kichwa, ndiyo, alikuwa anatafuna, watu wote walimwona, aibu tupu, na je, Inspekta anajua kwamba saa nane iko karibu?

"Najua," Gyrith alisema.

Watu wote walimwona. Askari wa mlangoni angemwona akiingia, karani angemwona, kila mjumbe angemwona. Mtu mmoja tu hakumwona, na kwa mtu huyo Chama cha Visiwa hakikuwepo. Aliyeandika ile karatasi hakuwa na macho mle ndani. Alikuwa na masikio.

*

Vipaza sauti fundi wa polisi alikuwa amevifungua vyote siku iliyotangulia. Vya waya, vya kawaida, hakuna kidude chochote kilichopachikwa. Chini ya meza hakuna kitu, ndani ya taa hakuna kitu. Gyrith aliingia tena ukumbini saa tano kasoro, akapanda juu ya kiti, akashuka, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Solvejg alikuwa bado pale, kwenye kiti chake.

Mlangoni alitokea Bodil Kvist na ndoo. Bodil ndiye aliyekuwa mlinzi wa jengo, mwoka mikate, na mwenye mkahawa wa chini. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mikono ya unga.

"Ukimaliza kuupiga ukuta wangu," alisema, "niambie umekukosea nini."

"Samahani, Bodil. Natafuta kitu kinachotoa sauti nje."

"Eh?" Bodil akageuza kichwa, akaleta sikio la kulia. Nyuma ya sikio kulikuwa na kifaa kidogo cha kijivu.

Gyrith alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Aliporudia, macho yake yakapita begani kwa Bodil mpaka kwenye mwimo wa mlango. Pale palikuwa na kibao cha buluu, ukubwa wa kiganja, kimechorwa sikio. Alikuwa amepita mbele yake mara kumi tangu jana. Kila mtu alipita mbele yake.

"Hicho ni cha nini?"

"Miaka saba kiko hapo, na wewe ndiye wa kwanza kukiuliza. Ni cha sisi viziwi. Waya umezunguka sakafu yote, chini ya mbao. Kipaza sauti kikisema, waya unasema, na mimi nikibonyeza kifaa changu hivi, naudaka moja kwa moja sikioni. Kwaya yetu ya wazee inaimba humu Jumatano. Robo tatu hawasikii, na robo iliyobaki hawajui kuimba."

"Unazimwa wapi?"

"Nani auzime? Vimeungwa pamoja. Vipaza sauti vikiwaka, na wenyewe unawaka."

"Na unasikika humu ndani tu?"

Bodil akaweka ndoo chini. "Fundi alisema unavuja kidogo, juu na chini. Nikamwambia juu ni paa na chini ni mkahawa. Nani ataiba kwaya?"

Solvejg alikuwa amesimama.

"Shuka chini," Gyrith alimwambia Bodil. "Bonyeza kifaa chako, pita kila meza. Mimi nitasema maneno hapa. Ukirudi uniambie nimesema nini."

Bodil akateremka akinung'unika. Gyrith alifunga mlango, akakaa kwenye kiti alichokalia waziri, akawasha kipaza sauti, akasema taratibu kama anayesema na mtoto aliyelala: "Bodil Kvist, kahawa yako ina ladha ya maji yaliyooshewa brashi za rangi."

Wakangoja. Dakika moja. Mbili. Kisha ngazi zikalia, mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Brashi za rangi!" Bodil alifoka. "Kahawa ile wamekunywa majaji! Wamekunywa maaskofu! Wewe jana umekunywa vikombe vitatu, tena ukaomba cha nne!"

"Bodil, nisamehe. Ulisikilizia wapi?"

"Karibu na jiko hakuna kitu. Mlangoni ni mkwaruzo tu. Lakini meza iliyo karibu na kipasha joto, mama, ulikuwa ndani ya kichwa changu. Nimesikia hata ulivyomeza mate kabla ya kunitukana."

"Ijumaa nani alikaa meza hiyo?"

Hasira ya Bodil ilipungua taratibu. Alikuwa anakumbuka.

"Mwanamume mmoja. Suti nzuri, mvi zimechanwa. Kikombe kimoja saa nzima. Nilimwuliza mara tatu kama nimwongeze. Kimya. Nikasema moyoni, huyu anajiona. Nikamgusa bega, akaruka karibu amwage kila kitu, kisha akajigonga sikio, akatabasamu. Nikamwelewa palepale. Ukikibonyeza kifaa kisikilize waya, aliye mbele yako humsikii. Mume wangu huniita kwenye kwaya mpaka anakwenda kulala."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikajiuliza, leo si Jumatano, anasikiliza nini? Halafu mikate ikataka kuungua."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Yule askari wenu alikula mikate minne bila asante."

"Ungemtambua ukimwona tena?"

Bodil akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Kesho si anakuja. Jana amepiga simu. Meza ile ile, saa nne kasoro robo. Kasema jina ni Ringgaard. Palle Ringgaard."

Kesho ilikuwa Ijumaa. Kesho saa nne waziri angerudi mbele ya kamati kuomba idhini mpya.

*

Saa saba na dakika ishirini Gyrith alikuwa na majibu kutoka ofisini kwake. Palle Ringgaard, miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Jutland. Miaka ishirini na miwili ameishi Brussels akiwafungulia watu wenye viwanda milango ya wakubwa; tangu kiangazi amekodiwa na watengenezaji wa mashine za kukaushia samaki. Brussels jambo lisipopata wanaolikubali wa kutosha, halipiti. Huko ndiko alikojifunza kuhesabu.

Gyrith alimpeleka Solvejg kwenye ngazi za nyuma, penye harufu ya gundi na mbao. Alimweleza yote, tangu waya mpaka meza. Solvejg alisikiliza hadi mwisho, akaishika reli ya ngazi.

"Basi yamekwisha," alisema. "Twende. Bado dakika arobaini."

Gyrith hakusogea.

"Nini?" Solvejg aliuliza.

"Nikienda sasa nikawaeleza, hufukuzwi. Wale watatu watatoka mle ndani na kila mmoja ana simu mfukoni. Unamjua Ejnar."

"Ejnar ni kapu. Ukimtia maji..."

"Kabla ya jioni Ringgaard hana haja ya kahawa. Atasema Ijumaa alikuwa anasikiliza redio. Nina nini mkononi? Mama mmoja kiziwi na kahawa yake. Na wewe utabaki kazini, ndiyo. Utabaki yule mama ambaye polisi walimwonea huruma. Ukiingia chumbani watu watafunika makaratasi."

Solvejg alikuwa ameanza kuelewa.

"Unataka nifukuzwe."

"Usiku mmoja. Kesho saa tatu na nusu, simu za wote zikiwa sandukuni, namwambia Ejnar na waziri. Saa nne waziri anasomea kipaza sauti maneno ya uongo, yenye namba ambayo haijawahi kutajwa. Kabla ya jioni namba hiyo inajitokeza Brussels, na mtu wangu yuko mezani chini anatazama nani aliyeipeleka."

"Na leo jioni jina langu liko magazetini."

"Ndiyo."

"Mama yangu ana miaka themanini na tisa. Anasoma gazeti kuanzia matangazo ya vifo mpaka hali ya hewa."

"Mpigie."

"Nimwambie nini, kama ni siri?"

Gyrith akafunga mkoba wake.

"Na asipokuja?" Solvejg aliuliza.

"Asipokuja nitasimama mbele ya kila mwenye kalamu niseme nilikuacha ufukuzwe nikijua. Nami nitatafuta kazi ya kuosha ndoo za Bodil."

"Hilo linanisaidia nini mimi?"

"Halikusaidii kitu. Sikudanganyi. Ukisema hapana, tunakwenda sasa hivi, na sitakulaumu."

Chini, Bodil alikuwa anapanga vikombe kwa kelele, bado na kinyongo. Solvejg alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Nipe karatasi," alisema. "Ringgaard amemsikia waziri kwa masikio yake mawili. Kesho mkimsomea maneno ya kipolisi, atanusa kabla hajamaliza kikombe. Waziri ana namna yake. Husema 'naomba nikumbushe' hata kama hakuna kilichosahauliwa. Hukohoa kabla ya namba. Polisi gani anayajua hayo?"

"Una dakika ishirini na tano."

"Toka basi. Siandiki nikitazamwa."

*

Mbele ya wale watatu mambo yalikwenda upesi kuliko Gyrith alivyotazamia. Ejnar Thorlund alikuwa na karatasi iliyochapwa, lakini hakuitazama, alitazama dirisha. Alitaja simu ya Brussels. Alitaja daftari. Alitaja kuaminiana, mara tatu.

"Ilikuwa ni habari ya mbwa," Solvejg alisema.

"Ya mbwa," Ejnar alirudia, na mmoja wa wale wawili akakohoa kuficha kicheko.

Kisha Ejnar akageuka. "Gyrith, kabla hatujafunga. Katika uchunguzi wako kuna lolote, hata dogo, la kumtetea?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi na tatu. Gyrith alimtazama Solvejg. Solvejg alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, kama aliyekaa kupigwa picha. Angekunja hata kidole kimoja, Gyrith angesema yote.

Hakukunja.

"Leo sina la kusema," Gyrith alijibu.

"Basi," Ejnar alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyeumia. "Kadi, Solvejg. Na ufunguo wa kasha."

Solvejg aliviweka mezani kimoja baada ya kingine, akavinyoosha vikakaa sambamba. Hakuaga. Nje, katika korido, watu waliokuwa wanaongea waliacha. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika kikombe alirudi nyuma kumpisha, zaidi ya ilivyohitajika. Askari alimfuata hatua mbili nyuma yake mpaka kwenye vyumba vya makoti, na pale Gyrith akamwambia askari atamfikisha mlangoni mwenyewe.

Solvejg alisimama akijifunga skafu. Alipomaliza, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Maneno ya waziri," alisema. "Yote. Mpaka kikohozi."

Gyrith alifungua. Mwandiko ulikuwa safi, bila mfuto hata mmoja, ukurasa mzima na nusu ya wa pili, na mtu angeapa anamsikia waziri mwenyewe. Ila katikati, baada ya maneno 'hatutashuka chini ya miaka', palikuwa na pengo jeupe la upana wa vidole viwili.

"Umesahau namba."

"Sijasahau. Miaka kumi na tisa nimeandika yaliyosemwa, Gyrith. Sijawahi kuongeza. Kikohozi nimekisikia, 'naomba nikumbushe' nimeisikia. Namba hiyo hakuna aliyeisema." Akavuta kofia ikafunika masikio. "Ya kwako hiyo. Iandike wewe."

Akasukuma mlango, upepo ukauvuta upande wa pili, wakashindana kidogo, kisha akapita. Ng'ambo ya barabara kijana mwenye kamera alikuwa ameshainua mkono. Solvejg hakufunika uso.

Gyrith aliibana karatasi ukutani kwa kiganja, akatafuta kalamu mifuko yote mpaka akaipata, na kwenye pengo akaandika: sita na miezi mitano.